Nahama Lamu naenda Eldoret, hivi vyombo nivifanyeje?

Wiki hizi barua nyingi zimekuja za watu waliopata kazi mbali, na karibu wote wana swali moja, vyombo. Nimeanza na ya dada wa Langoni manake ndiyo ndefu na ndiyo imegusa kila kitu, alafu tutamalizia na wengine watatu.

SWALI: Assalam aleikum mama. Mimi ni dada wa Langoni, Lamu, nina watoto wawili. Nimepata kazi ya maabara kwenye hospitali moja huko Eldoret, naripoti mwezi ujao inshaallah, mume atabaki kwanza amalize shughuli zake ndo atufuate. Nyumba yangu ina friji, makochi, kabati mbili za nguo, samadari (kitanda cha kizamani) ya marehemu bibi, kasha lake la kuchonga, na vyombo vya jikoni sijui vinaanzia wapi vinaishia wapi. Mume anasema tubebe vyote, tumevinunua kwa jasho. Mamangu anasema niuze vyote nikaanze upya. Mimi sijawahi kuhama zaidi ya kutoka kwetu kuja kwa mume, mtaa wa pili. Naanzia wapi na navifunga vipi visifike vipande?

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu, na hongera sana kwa kazi, Mungu akutilie baraka ndani yake.

Kabla ya maboksi na kamba nataka ukae chini uhesabu jambo moja, kila chombo chako kitainuliwa mara ngapi mpaka kifike. Kutoka chumbani kushuka ngazi mpaka uchochoroni, kutoka hapo kwa punda au mkokoteni mpaka forodhani, kutoka jeti (gati) kuingia botini, Mokowe ng'ambo ya bara kutoka botini kupanda jeti tena, kutoka jeti kuingia lori, na kule Eldoret kutoka lori mpaka ndani, na kama nyumba mpya iko ghorofa ya tatu basi hiyo ni kazi nyingine peke yake. Ukichukua lori linaloishia Mombasa alafu lingine ndo likupandishe juu, ongeza kushusha na kupakia tena hapo katikati. Njia yenyewe ni zaidi ya kilomita 1,000, Witu, Garsen, Malindi, Mombasa, Nairobi, Nakuru, na watu wanaogopa huo urefu, mimi naogopa kule kupakia na kushusha manake hapo ndo sahani zinapasuka na miguu ya viti inang'oka. Kwa hivo kila kitu unachokitazama jiulize, hiki kitastahimili mikono ya watu tofauti tofauti mara sita saba, na kikifika bado kitakuwa na thamani kuliko nilichokilipia?

Ukiuliza hivo utaona mume na mama kila mmoja ana lake la haki. Makochi na kabati, muache mama ashinde. Kabati nyingi siku hizi ni za chipbodi, ile mbao ya unga iliyogandishwa, ukifungua skrubu mara moja tundu linalegea na ukifunga upya haikazi kama zamani, alafu ikipata maji ya chumvi botini inavimba. Na Eldoret wewe unaenda kwenye mbao, mafundi wa fanicha wamejaa kule, huwezi kubeba kabati la chipbodi kulipeleka kwa watu wanaopasua mbao. Uza. Lakini uza mapema, wiki tatu kabla ukiweza, manake mnunuzi akishajua boti yako ni kesho yeye ndo anakupangia bei. Piga picha nzuri mchana dirisha likiwa wazi, tuma kwa grupu za mtaa na za kazini, sema bei na sema tarehe ya kuchukua. Friji ni la kupima, kama ni jipya na zima libebe (namna ya kulibeba nimemjibu ndugu wa Malindi hapo chini), kama lina miaka mingi na mlango haushiki vizuri liuze pamoja na makochi.

Samadari na kasha la bibi, hapo mume ameshinda na mimi niko upande wake kabisa. Vitu vile hakuna duka linalokurudishia. Samadari ifunguliwe na fundi anayezijua, si kijana wa nyundo, na kabla hajaigusa piga picha kila pande. Kila tendegu (mguu), kila mfumbati (ubao wa ubavuni) na kila kitakizo (ubao wa kichwani au miguuni) kiandikwe kwa chaki au kwa kipande cha karatasi kilichofungwa na uzi, kichwani kulia, kichwani kushoto, miguuni hivo hivo, usibandike selotepu juu ya rangi au nakshi manake ukija kuibandua inatoka na rangi. Vigingi na misumari yote kwenye kifuko kimoja, na kifuko hicho usikitie kwenye maboksi, kifunge kwenye mfumbati wenyewe. Kasha lisiende tupu wala lisijazwe sahani. Lijaze vitu laini vyepesi, leso (kanga), mashuka, nguo za watoto, alafu lizungushie blanketi nzito na ulifunge kamba juu ya blanketi, kamba isiguse nakshi wala zile kazi za shaba. Nailoni usiikaze moja kwa moja kwenye mbao, jasho la bahari linafungiwa ndani na ukifika unakuta madoa, weka blanketi kwanza, turubai juu.

Na kuna jambo la mbao ambalo watu wa pwani wengi hawalijui mpaka limewakuta. Samadari hii imekaa miaka kwenye hewa nzito ya Lamu, mbao imekunywa unyevu. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya bahari na ikija miezi ya ukavu hewa ni kavu sana, mbao inajibana, viungo vinalegea, na ukiiharakisha inapasuka. Usiiweke karibu na jiko wala kwenye dirisha linalopigwa jua la mchana, ipake mafuta ya mbao kidogo kidogo, na usimwite fundi kuja kukaza viungo wiki ya kwanza, subiri mbao izoee ndo akaze, akikaza mapema utamwita tena.

Nguo na magodoro. Lamu kila kitu kina unyevu hata kama mkono wako hausikii. Anika kila kitu jua kali siku mbili kabla ya kufunga, magodoro, mito, blanketi, mpaka viatu, na uvifunge vikiwa vikavu kabisa lakini vimepoa, ukifunga nguo yenye unyevu ndani ya nailoni ukachukua siku kadhaa njiani utafungua ukungu. Hapo hapo kwenye jua kagua mishono ya magodoro na nyufa za vitanda kama kuna kunguni, sitaki uone haya, kunguni anapanda boti kama abiria mwingine yeyote, na ukimfikisha kwenye nyumba mpya utamtoa kwa taabu sana. Sufuria na vyuma vyote viondoe chumvi, osha kwa maji baridi ya kunywa, kausha, vyuma vya kushika kutu pangusa mafuta kidogo. Kama una cherehani kichwa kitoke kwenye meza kisafiri peke yake ndani ya blanketi.

Jikoni ndo pana kazi. Sahani zisilazwe moja juu ya nyingine kama zilivyo kabatini, zisimamishe kwa ubavu, kila moja na karatasi au kitambaa chake, manake sahani iliyosimama inastahimili kishindo na iliyolala inavunjwa na uzito wa wenzake. Na usinunue karatasi za kufungia, una leso ngapi ndani ya nyumba? Leso, taulo, soksi, hizo ndo zifungie glasi na vikombe, zitasafiri vile vile. Chini ya boksi weka nguo, juu weka nguo, na ukitikisa boksi usisikie chochote, ukisikia mlio lifungue ujaze nafasi. Vyombo vya udongo na chetezo cha kufukizia udi vitie nguo ndani ya tumbo pia, si nje tu.

Mbuzi ya nazi beba, haina uzito na kule utaitafuta. Kinu muachie mama. Seredani (jiko la makaa) pia muachie, utapata jiko lolote kule. Mtungi wa gesi usiupakie, usisafiri na mtungi kwenye basi kabisa na lorini usiuchanganye na vyombo vilivyofungiwa, hasa una watoto, uza ununue mwingine ukifika. Lakini kama una sufuria ya presha hiyo ifunge kama dhahabu. Kule juu maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100 kama hapa kwetu, kwa hivo maharagwe na nyama ngumu vinachukua muda mrefu zaidi na utadhani umeuziwa maharagwe mabovu. Chakula cha stoo, mchele wa nusu gunia, unga, usibebe, vina dudu na vina uzito, wagawie majirani. Viungo beba, achari beba, na ng'onda (samaki mkavu) kama utabeba basi mkebe wa peke yake wenye mfuniko wa kukaza na usiwe karibu na nguo zako za kazi.

Sasa maboksi yenyewe. Boksi la karatasi na bahari haviendani, wimbi moja likiingia chini ya boksi imelainika na kitako kinadondoka ukiwa jetini. Kama una namna tafuta yale mapipa ya plastiki ya buluu yenye mfuniko wa kukaza au ndoo kubwa zenye mfuniko, watu wa maduka ya vyakula huwa nazo, vitu vya thamani na karatasi vikae humo, na kule utaziuza au utawekea maji. Maboksi ya kawaida yatandikwe nailoni ndani kabla ya kujaza. Boksi lisizidi kilo 20, vitabu vya watoto boksi dogo, manake mtu atalibeba akitembea ubaoni kati ya boti na jeti na akichoka anachofanya ni kuliachia. Kila boksi namba, pande mbili na juu, na chumba linakokwenda. Usiandike nje kilichomo. Kilichomo andika kwenye daftari, namba 7 jikoni glasi na vikombe, na daftari likae kwenye mkoba wako, upigie picha kila ukurasa umtumie mume. Daftari hilo litakusaidia pia njiani manake barabara ya kutoka Mokowe mpaka Garsen ina vizuizi vya polisi, dereva akiulizwa amebeba nini awe na nakala, na nakala ya kitambulisho chako na ya barua ya kazi, asianze kufunguliwa boksi moja moja.

Siku ya kuvuka usiipange kwa saa yako, ipange kwa maji. Muulize nahodha maji yanajaa saa ngapi siku hiyo, kila siku saa inasogea kama dakika 50, na omba mpakie yakiwa yamejaa. Maji yakijaa boti inapanda karibu na jeti na watu wanapeana friji mkono kwa mkono, yakipwa boti iko chini kabisa na mtu anashusha kasha la bibi kwenye ngazi zenye utelezi. Siku za bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu, tofauti hiyo ni kubwa zaidi. Mahamali, wale wabeba mizigo, wape bei kabla, ya kazi nzima kutoka nyumbani mpaka ndani ya boti, sio ya kila mzigo. Na kama unahama msimu wa kusi bahari ikiwa imechafuka, funika kila kitu turubai hata kama mbingu ni nyeupe, maji yanatoka ubavuni.

Lori, ulizia yale yaliyoleta viazi na kabichi kutoka bara yanayorudi tupu au nusu, bei yake huwa chini ya lori la kukodi mahsusi kwenda na kurudi. Lakini litazame kabla ya kukubali, kama limetoka kubeba samaki au mifugo lioshwe na likauke, na turubai lake liangalie matundu. Tafuta moja litakalofika Eldoret bila kubadilisha njiani, hata likizidi bei kidogo, nimeshakwambia kwa nini. Mkubaliane kwa maandishi hata kwa meseji tu, bei, tarehe, nani anapakia, nani anashusha, likiharibika njiani inakuwaje, kikivunjika kitu inakuwaje. Usilipe zote, lipa sehemu kwa M-Pesa ibaki rekodi na zilizobaki vitu vikishashuka ukavihesabu na daftari lako. Na miezi ya mvua, Aprili na Mei hasa, piga simu kwa watu wa Garsen kwanza. Mwisho wa 2023 Mto Tana ulifurika ukakata barabara ile, lori likikwama hapo na vyombo vyako juu utaripoti kazini bila hata shuka.

Alafu mwulize mwajiri, kabla ya yote haya, kama kuna pesa ya kuhamia. Wengi hawaulizi wanaona haya, na waajiri wengine wanalipa ila wanataka risiti, kwa hivo risiti ya boti, ya lori, mpaka ya kamba, weka zote.

Vyeti vyako, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kitambulisho, barua ya kazi, dawa, chaja, dhahabu kama unayo, hivyo ni vya begani, haviingii lorini hata dereva awe ndugu yako. Na fungasha begi moja la usiku wa kwanza ambalo unapanda nalo basi, shuka, blanketi, sweta za watoto, sufuria moja, vikombe, sabuni, balbu moja. Usiku wa Eldoret unashuka mpaka nyuzi 10 hivi na watoto wako hawajawahi kuiona baridi hiyo, lori likichelewa siku mbili hilo begi ndo nyumba yenu. Masweta ya ziada usinunue Lamu, kule mitumba ya nguo nzito ni mingi na ni ya baridi kweli.

SWALI: Natoka Malindi naenda kuanza kazi Kisumu. Nina friji, mashine ya kufua na TV kubwa. Dereva anasema friji lazima lilale ndo vitu vienee. Nikubali?

JIBU: Ndugu yangu usikubali hivi hivi. Ndani ya kile chuma cha nyuma, kompresa, kuna mafuta, friji likilala mafuta yanatoka yanaingia kwenye mabomba ya gesi, na ukiliwasha hapo hapo ulipofika unaiua mashine. Lisimame kwenye kona ya mbele ya lori, lifungwe kamba kwenye ubao. Likishindikana kabisa basi lilale kwa ubavu, lisilalie mgongo wenye mabomba, na ukifika lisimamishe usiliwashe siku nzima mafuta yarudi. Siku moja kabla ya safari lizime, barafu yote iyeyuke, likaushe mpaka kwenye tundu la maji la nyuma, rafu za kioo zitoe uzifunge na mashuka, mlango uufunge kwa kamba ya kitambaa, na ndani tia kipande cha mkaa kinyonye harufu. Nyuma pale kwenye kompresa pia angalia mende, wanapenda joto la pale.

Mashine ya kufua kama ni ya mlango wa mbele, ilikuja na bolti ndefu nyuma za kushikilia pipa la ndani, fundi alizitoa siku ya kwanza. Zitafute uzirudishe, bila hizo pipa linagonga njia nzima. Mwaga maji yote, yaliyomo kwenye filta ya chini pia. TV isilale hata dakika, kioo kitavunjwa na uzito wake wenyewe, isimamishe kati ya godoro mbili kioo kikiangalia godoro, na kama una boksi lake la dukani hilo ndo bora kuliko maneno yangu yote.

SWALI: Mimi ni kijana wa Shela, sina mke, kazi nimepata Garissa, nina godoro na begi na baiskeli. Nikodi gari?

JIBU: La mwanangu. Uza godoro, baiskeli mpe mdogo wako au iuze, panda basi na begi. Ukiwa na boksi moja la ziada lipeleke ofisi ya mizigo ya basi, liandikwe jina na namba yako ndani na nje, na usiondoke bila risiti yao. Hela uliyookoa nunua neti ya mbu na godoro jipya ukifika.

SWALI: Nyumba ya babu iko Mkomani, sasa hakuna anayeishi ndani. Nimepata kazi Nairobi na nataka kuung'oa mlango wa kuchonga wa ndani niende nao, nikauweke kwenye nyumba nitakayojenga. Unafungwa vipi usipasuke?

JIBU: Ngoja kwanza kaka, hapa swali si kufunga. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inahesabu mlango au fremu ya kuchonga iliyotengenezwa kabla ya 1946 kuwa kitu kinacholindwa, hata kama kiko kwenye nyumba ya babu yako mwenyewe. Na mji wenyewe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, nyumba za Mkomani ni sehemu ya huo mji. Ukikutwa Mokowe na mlango kama huo juu ya lori utajieleza kwa watu wasiotaka maelezo. Najua ni mapenzi ya babu yanakusukuma, na mimi roho inaniuma nikiona nyumba imebaki fremu tupu na kuta zinaanza kuanguka, mlango ukitoka mvua inaingia.

Ninachokushauri, nenda ofisi za makumbusho hapo Lamu, peleka picha ya mlango, uwaulize umri wake na unaruhusiwa nini. Waulize pia jinsi ya kuutunza ukiwa pale pale, upanguswe vumbi kwa brashi laini, usipakwe vanishi ya duka, na paa la juu yake lisivuje. Na kama unataka mlango wa kuchonga Nairobi, mafundi wa Lamu wapo na wanachonga mpaka leo, mpe fundi picha na vipimo vya ule wa babu akuchongee mwingine kwa mbao iliyokauka vizuri, mwambie mapema kuwa unakwenda Nairobi ili aache nafasi ya mbao kujibana kwenye fremu. Huo ukiwa tayari, vipande vyake vifungwe mbali mbali, kila kimoja blanketi yake, vikisafiri vimesimama kwa ubavu na risiti ya fundi iwe mkononi mwa dereva.